Moto Uliomngoja Mgeni Rasmi

Iko nchi moja kando ya bahari ambayo jina lake sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba wenyewe hupenda litajwe na mtu mwenye kibali, na changu kiko njiani. Ni nchi njema. Watu wake ni wapole, bendera zake ni safi, na hakuna jambo linaloanza huko kabla ya kufika mgeni rasmi. Kisima hakitoi maji mpaka mgeni rasmi afungue bomba. Choo cha shule hubaki na utepe mlangoni muhula mzima, na watoto wakibanwa huenda kuutazama utepe, kisha wakarudi darasani. Mwaka mmoja masika yalianza kabla ya kufunguliwa, redio ya taifa ikakataa kuyatangaza, na wananchi wakalowa bila taarifa.

Mambo haya husimamiwa na Wizara ya Maafa na Sherehe. Zamani zilikuwa wizara mbili, lakini wataalamu waligundua kwamba zote zinatumia maturubai yaleyale na viti vilevile, zikaunganishwa. Na katika wizara hiyo, ukimtoa Waziri mwenyewe, hakuna mtu aliyetegemewa kama Bwana Vuai Msabaha, mshereheshaji wa taifa. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye suti ya buluu na sauti ambayo hata ukitukanwa nayo ungeshukuru. Palipotokea janga, yeye ndiye aliyekuwa mratibu mkuu wa uokoaji, kwa sababu ndiye mwenye kipaza sauti.

Taratibu za nchi ile alizitunga yeye, na zilikuwa nyepesi kukumbuka. Mtu asiyetambulishwa hayupo. Kazi isiyofunguliwa haijaanza. Na shughuli isiyofungwa na mshereheshaji haijaisha, kwa hiyo mtu aliyetambulishwa haondoki. Wako waliowahi kusema kwamba taratibu hizo zinachelewesha maendeleo. Hao hawakutambulishwa tena, na kwa hiyo hawapo.

Mkewe Vuai, Biubwa, alikuwa akichambua mbata kwenye gati la zamani, pale nazi zilizokaushwa zinapotiwa magunia kungoja meli. Yeye taratibu za mumewe alizijua kwa mwili wake. Binti yao, Zuleikha, alizaliwa barazani hospitalini, mbele ya mlango wa wodi mpya ya wazazi iliyokuwa na vitanda, mashuka na utepe. Vuai alikuwepo, ufunguo mfukoni, akimshika mkewe mkono na kumwomba avumilie kidogo, mgeni rasmi alishafika darajani. Zuleikha akamwahi mgeni rasmi.

"Leo ni shughuli gani?" Biubwa aliuliza asubuhi ile, akijifunga kanga ya kazi.

"Uzinduzi wa gari jipya la zimamoto na boti ya uokoaji. Hapo ufukweni, karibu na gati lenu."

"Ndiyo maana tumeambiwa tukachambulie mwisho kabisa wa gati, nyuma ya kibanda, tusionekane."

Vuai akajishughulisha na tai yake. Amri ile aliitoa yeye. Kanga za wachambuaji zina mafuta na moshi, na hazipendezi kwenye picha.

"Ni kwa muda mfupi tu, mama Zuleikha."

"Sawa. Lakini siku nikipatwa na jambo, Vuai, najua utamngoja mgeni rasmi kwanza."

"Usiseme hivyo."

"Mimi nimezaa mbele ya utepe. Nikifa mbele yake sitashangaa."

Akatoka bila kuaga. Vuai akabaki na tai mkononi, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akasahau jinsi inavyofungwa.

*

Ufukweni kulikuwa kumependeza. Maturubai meupe yalitandwa, meza kuu ikavishwa kitambaa, na katikati ya uwanja likasimama gari jipya la zimamoto, jekundu, lenye kung'aa, likiwa limezungushiwa utepe kama mtoto wa sikukuu. Pembeni yake ilikaa boti ya uokoaji juu ya mkokoteni wake, nayo na utepe wake. Vikosi vingine vya zimamoto, pamoja na magari yao yote ya zamani, ngazi zao na mipira yao, vilikuwa vimepangwa kwenye njia panda ya kuingia mjini ili viufuate msafara wa Waziri kwa maandamano. Kwa ajili ya usalama wa Waziri, wavuvi nao waliamriwa kuondoa vyombo vyao ghubani. Hakujawahi kuwa na siku ambayo vifaa vya uokoaji vilikuwa karibu na bahari kiasi kile, wala mbali na kazi kiasi kile.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Ngwali, naye alikuwa njiani.

Jua likapanda. Viongozi walioalikwa wakawa wanajipepea kwa ratiba. Ndipo vijana wa wizara walipoamua kujaribu fataki za kumlaki Mheshimiwa, maana fataki za mwaka uliopita zilikataa kulia na mtu mmoja alipoteza cheo. Hizi za safari hii zililia. Ya kwanza ikapasuka juu ya bahari, watu wakashangilia. Ya pili ikaenda upande, ikaingia kwenye dirisha la ghala la mbata, pale gati linapoanzia.

Mbata ikishika moto haihitaji kubembelezwa. Moshi ulitoka kwanza, mzito, mweusi, wenye harufu ya mafuta, kisha paa likanguruma na ndimi za moto zikatoka kwenye madirisha yote kwa pamoja. Upepo ulikuwa unatoka bara. Ukauchukua ule moto na kuuinamisha juu ya gati, lililojengwa kwa mbao tangu enzi za mababu.

Kamanda Pandu, mkuu wa zimamoto, pande la mtu lenye sauti ndogo, alikuja mbio mpaka kwenye jukwaa.

"Bwana Vuai, gari ninalo. Boti ninayo. Vijana wameshavaa. Niruhusu."

"Gari halijazinduliwa, Kamanda."

"Naona."

"Na wewe mwenyewe bado hujatambulishwa."

Pandu akajitazama kifua na mikono. "Basi nitambulishe, ndugu yangu, maana moto ule umeshajitambulisha."

Vuai hakuwa mtu mbaya. Aliyaamini maneno yake kama wengine wanavyoamini dawa, na aliamini kabisa kwamba akiharakisha atawahi. Akashika kipaza sauti na kuanza kutambulisha. Akamtambulisha mkuu wa mkoa. Akawatambulisha wasaidizi wa mkuu wa mkoa, kisha wenza wa wasaidizi. Ilikuwa lazima afike kwa afisa wa maji ya chumvi, aliyekaa safu ya nyuma, kwa sababu pampu ya Pandu ilihitaji kuvuta maji ya bahari, na mwenye bahari hawezi kutoa ruhusa akiwa hayupo. Kila aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akageuka upande wa moto na kuupungia pia. Joto lilikuwa limeanza kuwafikia wa mbele. Wakasogeza viti nyuma kwa adabu, bila kuvunja safu.

Simu yake ikatetemeka mfukoni. Utaratibu ulisema simu zizimwe, na aliyeutunga alikuwa yeye. Aliitoa ili aizime, akaona jina la mkewe.

"Vuai." Nyuma ya sauti ya Biubwa kulikuwa na wanawake wanakohoa, na mmoja alikuwa akisoma dua. "Vuai, tuko mwisho wa gati. Mbele kumewaka, hakupitiki. Mbao zinakuja zikishika moja moja, tunaziona."

Alikuwa ameshajua. Tangu moshi wa kwanza alikuwa anajua, ila alikuwa akilitambulisha kila jambo jingine ili asilifikie hilo.

"Hamuwezi kuruka?"

"Mafuta ya mbata yanamwagika na kuwaka juu ya maji chini yetu. Na hata pasingekuwa na moto, mimi naogelea? Umewahi kuniona naogelea?" Akakohoa. "Tunaliona gari. Jekundu, limesimama tu. Tunawaona watu wamekaa vitini. Mnangoja nini?"

Vuai akafungua kinywa. Lile jibu lilikuwepo mdomoni, alilokwisha kulitoa mara zisizo na hesabu, na likatoka lenyewe.

"Mgeni rasmi yuko njiani."

Biubwa hakumlaumu. Hakulia. Simu ikakatika, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

*

Alishuka jukwaani, akampigia katibu wa Waziri.

"Msafara uko wapi, Bwana Katibu?"

"Tuko karibu. Mheshimiwa amesimama kusalimia wananchi waliojitokeza."

"Waliojitokeza au mliowaleta?"

"Wamejitokeza kwenye malori yetu. Vipi?"

"Kuna moto mkubwa hapa, na watu wamezingirwa. Namwomba Mheshimiwa awakilishwe. Mtu yeyote akate utepe kwa niaba yake. Mkuu wa mkoa yupo. Hata dereva."

Katibu akacheka kidogo, kwa upole. "Bwana Vuai, moto mkubwa, televisheni zote zipo, halafu Mheshimiwa awakilishwe? Hebu fikiri kama mtu mzima."

"Basi yaachieni yale magari ya zimamoto yaliyo njia panda yaje."

"Hayawezi kuja. Barabara imefungwa kupisha msafara."

"Lakini msafara unakuja kufungua kazi ya magari hayohayo."

"Ndiyo maana yanatakiwa yangoje," alisema katibu, na kwa namna alivyosema ilisikika kama jambo la akili kabisa.

Vuai akatazama gati. Moshi ulikuwa umelimeza nusu. Kule mwisho, upepo ulipoufungua kidogo, aliona rangi za kanga zimesongamana kwenye ukingo. Hakuweza kujua ipi ni ya mkewe. Hilo ndilo lililomvunja, kwamba alizificha kanga zile zisionekane, na sasa alikuwa anazitafuta kwa macho na hazionekani.

Alirudi jukwaani. Kwenye kipaza sauti Vuai hakuwahi kusema uongo. Aliwahi kuwaita wavivu wachapakazi na wezi waadilifu, lakini hizo zilikuwa sifa tu, na sifa hazihesabiwi. Tukio ambalo halikutokea hakuwahi kulitangaza. Na kumzushia Waziri jambo, katika nchi ile, kulikuwa na adhabu ya kifungo kirefu, ambacho nacho huanza baada ya uzinduzi.

"Mabibi na mabwana," alisema, na sauti yake ikatoka kavu. "Nina furaha kuwatangazia kwamba mgeni rasmi ameshawasili."

Wote wakasimama na kupiga makofi huku wakitazama barabarani.

"Amewasili kwa njia ya bahari. Amependa kutustukiza. Kwa hivi sasa Mheshimiwa Waziri yuko mwisho wa gati."

Makofi yakafa. Wakaligeukia gati. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, wakauona moto.

*

Sijui nieleze vipi yaliyofuata. Watu waliokuwa wamekaa kama maua ya mezani wakawa wanakimbia. Mkuu wa mkoa aliukata utepe wa gari kwa meno. Afisa wa maji ya chumvi, ambaye hakuwa ametambulishwa na kwa hiyo hakuwapo, alipiga kelele kutoka huko asikokuwapo kwamba bahari yote ni ya Mheshimiwa, vuteni mnavyotaka. Pandu alishaufikisha mpira wa pampu majini kabla hajamaliza. Vijana wake wakaisukuma boti mpaka ikaelea, na utepe wake ukaburuzika nyuma kwenye mapovu.

Redio ya taifa ilikuwa hewani moja kwa moja, na walinzi wa Waziri walikuwa wanaisikiliza garini. Haya Vuai alisimuliwa baadaye.

"Mheshimiwa, tulia," mlinzi mkuu alisema, akimlaza kitini. "Redio inasema uko motoni."

"Niko hapa. Nimekaa na wewe hapa."

"Ndivyo anavyosema mtu aliyepata mshtuko."

Wakageuza msafara mzima kwa ving'ora kuelekea hospitali. Na kwa kuwa hakukuwa tena na msafara wa kupishwa, askari wa njia panda hawakujua wamzuie nani. Magari ya zamani ya zimamoto yakapita.

Yalipoingia ufukweni yalikuwa mengi kuliko nafasi, kila moja na kamanda wake, kila kamanda na amri yake. Mmoja alitaka kumwaga maji kwenye ghala, mwingine juu ya gati, wa tatu alikuwa ameelekeza ngazi yake kwenye turubai la meza kuu. Mipira ikakatizana. Gari moja likakanyaga mpira wa jingine na maji yakakatika, na moto ukaruka mbao kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kutoka gatini ikasikika sauti ya wanawake wote pamoja.

Vuai akakishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Lugha nyingine hakuwa nayo, akaitumia ileile.

"Namkaribisha mwenye gari lililokanyaga mpira arudi nyuma. Asante sana. Sasa nawaalika wenye ngazi waungane nasi upande wa kushoto wa ghala. Kushoto, ndugu zangu, kushoto. Magari mawili ya kwanza, karibuni mmwage juu ya gati pekee. Ghala liacheni liungue. Narudia kwa heshima, liacheni. Boti, karibu uzunguke upande unakotoka upepo, mbali na mafuta. Wageni waalikwa, tunaomba mnyanyuke mshike mipira."

Wakamtii. Watu wa nchi ile walikuwa wamefunzwa kwa miaka mingi kusimama, kukaa na kusogea kwa sauti ile, na sasa sauti ile ilikuwa inawapeleka mahali pa maana. Maji yakaanza kuangukia sehemu moja. Mvuke mweupe ukapanda katikati ya moshi mweusi, na katikati ya mvuke ukafunguka mlia mwembamba wa mbao zilizokuwa zinafuka lakini hazijakatika. Pandu akajifunika gunia bichi na kuingia.

Vuai aliendelea kutangaza. Hakusikia tena anachosema. Wanawake wakaanza kutokea kwenye mvuke, mmoja mmoja, wakishikana kanga, nyuso nyeusi kwa masizi. Wengine boti iliwachukua upande wa pili, ikawa inakuja nao. Kila aliyetoka Vuai alimtazama usoni, na kila mmoja alikuwa mke wa mtu mwingine.

Ndipo paa la ghala lilipoanguka. Cheche zikafunika ule mlia na kila mtu akarudi nyuma. Kipaza sauti kikanyamaza.

Pandu alitokea akiwa ameinama, mkono mmoja ukifuka moshi, na juu ya bega lake palikuwa na kanga ya zambarau aliyoinunua Vuai mwenyewe mwezi wa Ramadhani. Alimlaza Biubwa mchangani. Biubwa alikohoa, akatema, akakaa kitako.

Vuai alipiga magoti mbele yake na suti yake ya buluu.

"Hukumngoja," alisema Biubwa.

"Sikumngoja."

Akamtazama kwa muda, akamfuta machozi kwa kiganja cheusi, akamchafua uso mzima.

"Mheshimiwa yuko wapi?" mkuu wa mkoa alikuwa akipiga kelele nyuma yao. "Kamanda, umetoa wachambuaji watupu. Mheshimiwa yuko wapi?"

Pandu, mkono ukiwa umebabuka ngozi kuanzia kiwiko, akaokota lile gunia, akalichovya majini na kugeuka kuelekea motoni. Vuai akamwona. Alielewa alichokifanya kwa uongo wake, akatoka mbio bila kipaza sauti na kumshika mkanda.

"Usiende. Hayupo."

"Hayupo nani?"

"Mheshimiwa. Hakuwapo kabisa. Nilisema tu."

Pandu akamtazama kwa macho mekundu. "Najua. Mheshimiwa yule hutapika hata kwenye kivuko. Aje kwa bahari?"

"Sasa unarudi kufanya nini?"

"Wananitazama," Pandu alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Nisiporudi, watauliza kwa nini sikurudi."

Vuai akarudi jukwaani kwa kukimbia na kutangaza kwamba mgeni rasmi ameokolewa salama na yuko hospitali. Kwa bahati, ilikuwa kweli.

*

Moto ulipokuwa umebaki moshi, Waziri alifika. Alikuwa na bandeji kichwani, kwa sababu hospitali haiwezi kumpokea Waziri ikamrudisha vilevile alivyokuja. Njiani alikuwa amesikiliza redio, na kadiri alivyoisikiliza ndivyo alivyokumbuka. Wageni walirudi vitini, wakiwa wamelowa, wakapiga makofi mpaka vumbi la majivu likaruka.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Ngwali, "nilipokuwa ndani ya moto ule sikujifikiria mimi. Nilifikiria taifa. Nikasema, sitoki mpaka atoke wa mwisho. Nikamwona mama mmoja amezirai, nikambeba mgongoni." Akatazama huku na huku akimtafuta mama wa kumfaa, akamwona Biubwa amekaa chini, anafunga mkono wa Pandu kwa kipande cha kanga ya zambarau. "Yule pale. Mama, hebu njoo uwaambie."

Kulikuwa na kamera mbele yake na walinzi nyuma yake. Vuai alikishika kipaza sauti na kukipeleka kwa mkewe, na ilikuwa safari ndefu ingawa uwanja haukuwa mkubwa. Mkewe angesema hapana, uongo wa asubuhi ungejulikana, na aliyeusema yuko mbele yao na suti yake chafu. Biubwa alilijua hilo. Wakatazamana. Vuai alifikiria lile baraza la hospitali, na utepe, na ule ufunguo mfukoni. Akakitoa kipaza sauti mkononi mwake na kukiweka katika mkono wa mkewe.

"Sema unavyotaka," alimwambia.

Biubwa akasimama.

"Mimi nimebebwa na huyu," alisema, akimwonyesha Pandu. "Mkono wake umeungua na anatakiwa hospitali sasa hivi. Huyo mheshimiwa simjui. Ndiyo kwanza namwona leo."

Akarudisha kipaza sauti.

Vuai akafumba macho. Kisha makofi yakalipuka kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma, maana katika nchi ile watu hupiga makofi kipaza sauti kinaposhuka, na hakuna aliyewahi kufundishwa kusikiliza kabla yake. Waziri naye alipiga, akitabasamu, kisha akafungua hotuba yake rasmi, ambayo ilikuwa nene.

"Mkono wake, Vuai," Biubwa alisema.

Pandu alikuwa ameanza kutetemeka. "Siwezi kuondoka, dada yangu. Shughuli haijafungwa."

Vuai akatazama meza kuu, akatazama ule mkono. Kwa mara ya kwanza maishani alizisoma taratibu zake kwa faida ya mtu.

"Kamanda, wewe nilikutambulisha?"

"Hukunifikia."

"Basi hupo. Na asiyekuwapo hahitaji ruhusa ya kuondoka. Wachambuaji hawa je, kuna aliyewatambulisha? Na vijana wako?"

Pandu akafikiri. "Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayetambulisha wengine," alisema Vuai. "Tangu nianze kazi hii, mimi hakuna aliyewahi kunitambulisha."

Akakilaza kipaza sauti juu ya kiti kitupu, taratibu, kisilie. Wakampakia Pandu kwenye lile gari jipya jekundu, wachambuaji wakapanda nyuma na juu, vijana wakashika ngazi, na Biubwa akakaa mbele kati ya dereva na mumewe. Hakuna aliyewazuia. Walikuwa hawapo.

Waziri alimaliza kusoma hotuba yake jua likiwa limeelemea. Makofi yakapigwa. Kisha wote wakageuka kungoja mshereheshaji afunge shughuli, na kwa kuwa wote waliobaki vitini walikuwa wametambulishwa, na Waziri hahitaji kutambulishwa, hakuna aliyeweza kuinuka.

Nasikia wangali pale mpaka leo. Bahari ikijaa huwafika magotini, ikitoka huwaachia magugu kwenye viatu. Wameketi vizuri, safu hazijavunjika. Mambo mengine nchini yanaendelea. Zimamoto wakisikia king'ora huondoka, na ile wodi ya wazazi imefunguliwa na mama mmoja aliyekuwa na uchungu na mkasi. Mara kwa mara mkuu wa mkoa humtuma mpita njia asiyetambulishwa aende mjini kumwuliza Bwana Vuai kama ana habari kwamba anangojwa. Vuai humpokea vizuri, humpa chai, na humrudisha na jibu lilelile: awaambie waheshimiwa wavumilie kidogo, yuko njiani.